Hata Sauti Umeazima

Nyamvula alizaliwa Rabai siku ya mvua kubwa, ndiyo maana ya jina lake, na mamake alikuwa akisema mtoto yule alitoka tumboni akigombana na radi. Alikua akitwanga na kuimba. Kwao, mwanamke akiwa na jambo na mumewe au wifi yake, hakulipeleka barazani, alilitia kinuni. Alitwanga huku akiimba, aliyehusika akajua ameambiwa, na asiyehusika akadhani ni wimbo tu. Kwa hiyo alipoolewa na Kalama mwaka wa hamsini na saba, wakapanga chumba huko Chaani, Changamwe, kitu alichokataa kukiacha kwao ni kinu na mchi wake. Kalama alimwambia mjini kuna unga wa dukani. Nyamvula akamjibu kwamba unga upo, lakini je, maneno nayo yanauzwa dukani?

Kalama alikuwa mtu wa Kaloleni, mrefu, mpole, msaidizi wa fundi katika karakana ya reli. Majirani walimtania kwamba ana wake wawili, Nyamvula na gitaa. Gitaa lenyewe alilinunua kwa baharia aliyekuwa na haraka ya kurudi melini, akalifungia waya na kipaza sauti alichokiunga kwa mikono yake, na kila lilipowashwa lilinguruma kwanza kama paka aliyekanyagwa mkia. Nyamvula alilionea wivu siku za mwanzo. Baadaye alilizoea, kama mtu anavyomzoea mama mkwe.

Wenziwe Kalama walikuwa wawili. Wa kwanza ni Badawi, kijana wa Kisauni, wa ukoo wa wafanyabiashara wa vitambaa, mwenye sauti nyororo na nywele zilizopakwa mafuta zikang'aa. Yeye ndiye aliyekuwa na gramafoni na sahani zake za muziki, maana kwao neema ilikuwapo. Wa pili ni Ngala, kuli wa bandarini, aliyepiga ngoma kwa mikono ile ile iliyobeba magunia mchana kutwa. Walijiita Roketi, kwa kuwa siku hizo dunia nzima ilikuwa ikizungumza habari za roketi, na walipiga roki.

Walipiga roki ya sahani, hasa. Jumamosi Badawi alikuja kwa baiskeli kutoka Kisauni, gramafoni imefungwa nyuma kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Waliiweka uani kwa Kalama, wakainamisha vichwa pamoja, na sahani ikawekwa na kurudishwa, ikawekwa na kurudishwa, hadi kila mlio umeingia masikioni. Maneno ya Kiingereza waliyashika kama yalivyosikika. Ngala hakujua hata moja. Kalama alijua ya karakana. Badawi, aliyekwenda shule, alijua zaidi, lakini hata yeye wimbo ukienda mbio alijaza mapengo kwa kutafuna tafuna.

"Huyu bwana analilia nini?" Nyamvula aliuliza siku moja akichambua mbaazi.

"Analilia mpenzi," Badawi akasema. "Nadhani."

"Unadhani?"

"Shemeji, muhimu ni mapigo."

"Mie naona kama mtu aliyeungua ulimi kwa uji," Nyamvula akasema. Hata hivyo, baada ya wiki mbili alijikuta akiuimba wimbo ule ule huku akikanda unga wa mahamri, kwa maneno yasiyokuwa ya lugha yoyote chini ya jua.

Na watu waliwapenda. Kulikuwa na hoteli ya chai ya Bwana Jamaludin, karibu na njia ya reli, yenye ukumbi nyuma, na kila Jumapili mchana Roketi walipiga pale. Vijana wa reli walikuja na viatu vilivyopigwa rangi, wasichana na magauni ya mkanda. Kwa kuwa Kalama hakuwa na nguo za jukwaani, aliazima. Shati jeupe la Badawi, tai na kofia ya karani wa stesheni, viatu vya jirani vilivyombana hata akawa anacheza kwa kukunja uso, na watu wakadhani ndiyo mitindo ya Ulaya. Sifa kubwa waliyopewa ni kwamba ukifumba macho huwezi kujua kama ni wao au ni sahani. Watu wakawabandika jina, Bendi ya Sahani, na Kalama alikuja nalo nyumbani kama mtu aliyepewa nishani.

Nyamvula hakwenda ukumbini. Alikuwa na mtoto mchanga, Dhahabu, na alfajiri aliuza mahamri na mbaazi kwa vibarua. Lakini upepo ukivuma upande wa Chaani aliwasikia, na moyoni alifurahi. Mumewe, ukiondoa mluzi wake wa asubuhi, alikuwa mtu wa kunyamaza, na kule, angalau, alikuwa akitoa sauti.

Ikawa hivyo mpaka mwaka wa sitini. Mwaka huo Bwana Jamaludin alileta radiogramu. Ilikuwa kabati zima la mbao iliyong'aa, yenye taa ya kijani na spika mbili kubwa, na ndani yake sahani zilipangwa nyingi, moja ikiisha nyingine inajiangusha yenyewe. Jumapili ya kwanza watu walikuja kuitazama tu. Jumapili ya pili walicheza muziki wake.

Jamaludin hakuwa mtu mbaya. Aliwaita Roketi, akawaagizia chai na sambusa, akawaambia kwa heshima zote.

"Wanangu, nanyi mwajua jinsi ninavyowapenda. Lakini nyinyi sifa yenu ni kufanana na sahani, sivyo?"

"Ndivyo," Kalama akajibu.

"Sasa sahani yenyewe ninayo."

Wakatazamana. Ngala alikula sambusa zote tatu kwa hasira, wakabeba vyombo vyao, wakaondoka.

Kalama alilipokea jambo lile vibaya. Hakulewa wala hakugomba. Alizidi kunyamaza tu. Jumapili, ule wakati wa dansa ulipofika, alivaa shati la Badawi ambalo hakuwa amelirudisha, akaketi uani juu ya debe, gitaa mapajani, akasikiliza radiogramu ikipiga kwa mbali nyimbo zilizokuwa zake. Kisha akaanza kuifuatisha pale pale, wimbo kwa wimbo, kimya kimya, kama mtu anayemfuata nyuma mwanamke aliyemwacha.

Nyamvula alivumilia Jumapili mbili. Ya tatu alitoa kinu.

Alitia mahindi, akafunga leso kiunoni, akakamata mchi. Akatwanga pigo la kwanza kwa nguvu hata kuku wakakimbia. Kisha maneno yakaja yenyewe, kama yalivyomjia mamake na nyanyake kabla yake:

*Shati la kuazima, kiatu cha kuazima,*
*Kofia ya kuazima, na tai ya kuazima,*
*Hata sauti, baba, hata sauti umeazima;*
*Mwenyewe akija kuidai, utabaki bubu mzima.*

Aliimba mara ya pili, na ya tatu, kwa sauti ya juu zaidi kila mara. Jasho lilimtoka. Alikuwa akimkasirikia kwa sababu alikuwa akimpenda, na hilo huongeza uzito wa mchi. Kwenye mara ya nne akasikia kitu. Chini ya pigo la mchi, gitaa lilikuwa limeingia. Halikufuata radiogramu tena. Lilikuwa likimfuata yeye, mchi ukishuka nalo linashuka, mchi ukipaa nalo linajibu kwa nyuzi nyembamba.

Nyamvula akasita. Kalama alikuwa amekodoa macho.

"Mamake Dhahabu, sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulivyosema sasa hivi. Pale pa bubu."

"Sikusema kitu. Natwanga mahindi," Nyamvula akasema, akabeba kinu chake, akaingia ndani. Alikuwa amekusudia kumchoma, sasa anaombwa arudie! Hakurudia. Lakini alipochungulia dirishani alimwona Kalama amevua lile shati jeupe, amebaki na fulana, anapiga gitaa huku midomo ikimcheza.

Baada ya siku ile mazoezi yalihama. Kalama alisema Badawi amepata nafasi kwao Kisauni, na huko kuna umeme wa kuaminika. Nyamvula aliamini. Ukweli ni kwamba Kalama alimwogopa mkewe. Kule Kisauni alikuwa akiwaimbia wenziwe maneno ya kinuni, na wenziwe walikuwa wakibishana naye.

"Roki ni kitu cha Kizungu," Ngala akasema. "Ukiiimba Kiswahili watu watacheka."

"Na wacheke. Walipokuwa hawatuelewi walicheka?"

Badawi pingamizi lake lilikuwa jingine. Alilelewa katika nyumba ambamo mashairi yalisomwa kama chakula, na alijua mizani. "Maneno ni mazuri, wallahi. Vina vimekaa. Lakini ni maneno ya jikoni, Kalama. Nami nisimame mbele za watu niimbe ugomvi wa shemeji yangu?"

"Usiimbe ugomvi," Kalama akasema. "Imba kama ni wewe unayeambiwa."

Badawi akaitazama miguu yake. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa suruali ya kakake. Akaomba gitaa lianze tena.

Walikuwa bado hawajathubutu kuupiga mbele za watu ilipofika harusi ya Samiha, binamu yake Badawi, kule Junda. Kikundi cha taarabu kilichoagizwa kilikwama njiani, mchana umepinda, wageni wamejaa. Mamake Badawi, kwa shingo upande, akakubali mwanawe na wenziwe wapige nje, chini ya turubai la wanaume, mradi wasitikise viuno. Nyamvula alikuwapo. Badawi alimwalika kwa heshima ya shemeji, naye alikuja na Dhahabu mgongoni, akaketi na wanawake uani, karibu na ukuta wa makuti uliotenganisha pande mbili.

Roketi wakapiga nyimbo zao za sahani. Kule nje vijana walitikisa vichwa. Uani wanawake walikaa kimya cha adabu. Nyanyake bibi harusi, Bi Mahfoudha, mwanamke mdogo wa umbo aliyeogopwa na ukoo mzima, aliinamisha sikio, akasikiliza wimbo mmoja, akasikiliza wa pili, kisha akamwita shangazi mmoja aitwaye Waridi.

"Abee, bibi."

"Huyu Badawi yuwaimba nini?"

"Siyui, bibi. Ni Kizungu."

"Hapana Mzungu hapa. Nenda kawambie waimbe maneno ya watu. Na wakiwa hawana, wanyamaze tule."

Waridi akaenda kuwaambia. Muziki ukakatika nje. Nyamvula alisikia watu watatu wakinong'onezana, akaitambua sauti ya mumewe ikisema, "Basi tufe." Kisha ngoma ya Ngala ikaanza, pigo zito, pigo jepesi, pigo zito, na Nyamvula akahisi mikono yake ikitaka kushika kitu kabla hajajua ni kitu gani. Ilikuwa ngoma ya mchi. Gitaa likaingia. Badawi akaimba shati, akaimba kiatu.

Damu ilimpanda Nyamvula usoni. Hakuwahi kudhani maneno yanaweza kutoka kinuni yakatembea kwa miguu yao hadi Junda. Alitazama kulia na kushoto, akiamini kila mwanamke pale anajua ni yeye, anajua mumewe anaazima nguo, anajua yaliyomo chumbani mwake Chaani. Badawi alipofika pale pa bubu mzima, uani palilipuka vigelegele. Wanawake walipiga makofi, wakaegemeana kwa kicheko. "Rudia!" mmoja akapiga kelele. "Rudia, huyo ni mume wangu huyo!"

Nyamvula akainuka, akapita katikati yao, akatokea nyuma ya nyumba kulikokuwa na masufuria ya pilau. Alisimama katika moshi ili machozi yapate kisingizio.

Lakini hata kule wimbo ulimfuata. Wapishi wawili, majitu ya wanawake, walikuwa wakigeuza wali kwa miko mirefu, tayari wameshika kiitikio: hata sauti, baba, hata sauti umeazima. Mmoja akamwambia mwenziwe, "Alotunga wimbo huu kaishi na mume wangu, Mwidani."

"Mwidani wako ana sauti ya kuazima?"

"Ya babake. Akinifokea huwa nasikia marehemu mkwe wangu."

Wakacheka hata mwiko ukaanguka. Nyamvula, bila kutaka, akacheka nao. Alikuwa ameimba kwa ajili ya mtu mmoja, kumbe kila nyumba ilikuwa na mtu wake.

Pakatokea Waridi. "Nani hapa mke wa mpiga gitaa? Bibi yuwamwita."

Nyamvula akaenda, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo nimemuuliza nje kupitia kwa Waridi, ni nani alotunga. Kasema ni wewe. Ni kweli?"

Basi Kalama alikuwa amemtaja. Mbele ya wanaume wote, alikuwa amemtaja. Nyamvula akajibu, "Sikutunga, bibi. Nilikuwa nikimsema."

"Ndiko kutunga huko. Lakini mbona umemwacha njiani? Mtu umemvua nguo, umemvua na sauti, kisha unamwacha uchi barabarani? Si adabu. Ubeti wa kumvika uko wapi?"

Neno lile Nyamvula hakulingoja hadi kesho. Wakiwa njiani kurudi, Kalama akisukuma baiskeli ya Badawi iliyobeba gitaa, yeye akitembea pembeni na mtoto amesinzia, hawakusemezana mpaka walipokaribia Changamwe.

"Umekasirika," Kalama akasema.

"Nimekasirika. Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Kisha ningekubali. Ungeningoja hapo katikati." Akatembea kidogo. "Ukitaka kunisemea kwa watu, babake Dhahabu, nisemee mpaka mwisho." Akamwimbia pale pale barabarani, kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto:

*Kicheko hicho ni chako, hukukiazima kwa mtu,*
*Mluzi wa asubuhi ni wako, hukupewa na mtu,*
*Imba basi kwa hivyo hivyo, wakusikie watu;*
*Na mimi niliye nyumbani, nijue nimeolewa na mtu.*

Kalama alisimamisha baiskeli. Akapiga mluzi wake wa asubuhi. Nyamvula akamwambia asonge mbele, mgongo unauma.

Wimbo ulitembea. Vibarua waliokuwa wakijenga mtambo wa mafuta waliuimba wakichanganya saruji. Wanawake wa Chaani waliwaimbia waume zao waliochelewa. Na Jumapili pale kwa Jamaludin, vijana walianza kuiendea radiogramu na kuitaka iwapigie ule wimbo wa sauti ya kuazima. Jamaludin alitafuta katika sahani zake zote. Akatuma Mombasa kisiwani, madukani, akaambiwa hakuna sahani kama hiyo. Jumapili iliyofuata wakamwuliza tena. Hatimaye alikuja mwenyewe hadi Chaani, amevaa kanzu, akabisha hodi uani, akamkuta Nyamvula anatwanga.

"Hodi, mwanangu. Mumeo yupo?"

"Karibu, bwana. Yuko kazini."

Jamaludin akakitazama kinu kwa muda. "Mwambie ukumbi umemkumbuka," akasema. "Mwambie nimekosea hesabu. Nilidhani nimenunua bendi nzima, kumbe nimenunua kabati."

Roketi wakarudi. Hawakuziacha nyimbo za sahani mara moja, kwa maana Ngala alizipenda na wasichana walizitaka kwa kuchezea dansi ya twist. Lakini kila mwezi uliongezeka wimbo wao mmoja. Wimbo wa kivuko cha Likoni, uliotungwa na Badawi kwa msichana wa Mtongwe aliyemwona mara moja tu na kumkosa milele. Wimbo wa kuli na tajiri, wa Ngala, wenye matusi matatu ambayo Badawi aliyalainisha. Nyingi zaidi zilitoka uani Chaani, ambako mazoezi yalirudi, na Nyamvula sasa alijua anasikilizwa. Hilo lilimharibia kidogo. Akitaka kumsema Kalama kweli kweli ilimbidi aache kutwanga aseme kavu kavu.

Mwaka wa sitini na tatu, Desemba ilipokaribia, kila bendi ya Mombasa ilikuwa na wimbo wa uhuru. Kamati ya dansa ya Changamwe ikawataka Roketi nao watoe wao. Badawi alikuwa kitandani kwa homa. Nyamvula alikuwa na mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba. Kalama alimjia jioni moja, akazungukazunguka.

"Mamake Dhahabu, huna neno la uhuru?"

"Neno langu ni kwamba nataka kukaa. Leo tunga mwenyewe."

Alitunga mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kusema kweli haukuwa wimbo mzuri sana. Vina vilipotea ubeti wa pili, na mahali pamoja alilazimika kukohoa ili kufidia mizani. Lakini siku yenyewe, mchana, katika uwanja uliofagiliwa na kufungwa vitambaa vya rangi, Kalama alisimama na shati la karakana lililofuliwa, akaimba kwa sauti yake nzito isiyokuwa na mafunzo. Hakumsifu mtu. Alikuwa anaita watu: njoo na kiti chako jirani, mahali pako pako wazi. Mstari huo ulikuwa mzuri. Wazee wa Kirabai, Waswahili wa Kisauni, watu wa bara wa reli, walianza kuitikia, na kweli wengine walikwenda majumbani wakarudi na viti.

Nyamvula alikuwa ameketi mbele, Dhahabu kati ya magoti yake. Bi Waridi, aliyekuja na watu wa Junda, akamwinamia sikioni. "Na huu pia ni wako?"

"La," Nyamvula akasema. Alikuwa tayari anainuka, mkono mmoja kiunoni, akitafuta nafasi ya kucheza na tumbo lake kubwa. "Huu ni wake."